Uvimbe Chini ya Sikio

Punje chache za akamwani zikiingia kinywani, mate hujaa hata kabla ladha haijafika. Akamwani ni kahawa ya robusta iliyochumwa mbichi, ikachemshwa pamoja na majani ya kunukia, kisha ikakaushwa, na katika nyumba za Wahaya wa Bukoba na Muleba ndiyo anayopewa mgeni aitafune mazungumzo yakianza. Mate hayo hutoka katika tezi 6 kubwa, 3 kila upande wa uso, na katika vitezi vidogo 600 hadi 1,000 vilivyotawanyika ndani ya midomo, mashavu na kaakaa. Kwa siku nzima mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu. Mate hulainisha tonge, huanza kumeng'enya wanga wa ndizi na muhogo, huosha meno na kuyakinga na asidi, na huua baadhi ya vijidudu vinavyoingia na chakula.

Tezi kubwa kuliko zote ni ya shavu, ambayo madaktari huiita parotidi. Imelala mbele na chini ya sikio, ikikumbatia kona ya taya, na mrija wake hupita juu ya msuli wa kutafunia, hutoboa shavu na kufunguka mkabala na gego la pili la juu. Mtu akisimama mbele ya kioo na tochi ya simu, akavuta shavu kwa kidole, anaweza kukiona kinundu chenye tundu lenyewe. Ya pili ni tezi ya taya, iliyojificha chini ya mfupa wa taya. Mrija wake ni mrefu na huelekea mbele na juu mpaka chini ya ncha ya ulimi, kwa hiyo mate yake, ambayo ni mazito kuliko ya shavuni, hulazimika kupanda kilima. Ya tatu ni tezi ya chini ya ulimi, ndogo kuliko hizo mbili. Mrija wa tezi ya shavu ulitambuliwa mwaka 1660 na kijana wa Kidenmark, Niels Stensen, alipokuwa akipasua kichwa cha kondoo jijini Amsterdam. Mwalimu aliyemkaribisha akadai ugunduzi ni wake, na ugomvi wao ukawa mkubwa kuliko mrija wenyewe.

Kuna jambo moja katika umbo la tezi ya shavu linalotawala tiba yake yote. Neva ya uso, inayokunja paji, kufumba jicho na kusogeza midomo mtu anapocheka, haipiti kando ya tezi hiyo. Hupita katikati yake, na humo ndani hugawanyika kuwa matawi makubwa 5. Kwa sababu hiyo uvimbe wa shavuni haupasuliwi kama jipu la mguuni.

Si kila kinachovimba hapo ni tezi ya mate. Gego lililooza huweza kuvimbisha taya usiku mmoja. Mitoki ya shingoni huvimba kwa kidonda cha kichwani, kwa mafindofindo au kwa kifua kikuu, na baadhi ya mitoki hiyo imo ndani ya tezi ya shavu yenyewe. Mkoa wa Kagera, zilimo Bukoba na Muleba, una kumbukumbu ya kale ya mitoki: huko Kiziba, kaskazini mwa Bukoba, kulikuwa na ugonjwa ulioitwa rubwunga, ambao mwaka 1898 daktari Mjerumani Robert Koch alitangaza kuwa ni tauni. Huo ulikuwa ugonjwa wa mitoki, wala haukuhusiana na mate, lakini unaonyesha kwa nini kutaja uvimbe kwa jina lake sahihi ni sehemu ya tiba.

Tofauti ya kwanza huonekana kwenye ndewe ya sikio. Tezi ya shavu ikivimba, huinua ndewe na kuisukuma nje, na kile kibonde kilicho nyuma ya taya hujaa. Mtu akisimama nyuma ya mgonjwa na kulinganisha masikio mawili, huona moja limechanuka. Jipu la jino halifanyi hivyo. Lenyewe hukaa chini zaidi, karibu na mfupa, na mara nyingi mgonjwa humwonyesha daktari jino lenyewe kabla hajaulizwa.

Baada ya macho huja maswali. Uvimbe ulianza lini: juzi, mwezi uliopita, au kabla mtoto wa mwisho hajazaliwa? Uko upande mmoja au pande zote mbili? Unauma? Je, hupanda na kushuka, na ukipanda, ni wakati wa kula? Jicho la upande huo linafumba sawasawa? Majibu ya maswali haya hufanya sehemu kubwa ya kazi ya utambuzi, na hayahitaji umeme wala mashine, jambo lenye uzito katika zahanati ya kisiwani Bumbire au ya kijiji cha ndani Muleba.

Kisha mpimaji huvaa glavu. Kidole kimoja huingia kinywani chini ya ulimi, vidole vya mkono wa pili hukaa nje chini ya taya, na tezi hupapaswa katikati yake kama mtu anayetafuta punje ndani ya ganda. Kijiwe cha mate huhisiwa kama kokoto. Uvimbe wa kansa mara nyingi huwa mgumu na umeshikamana na vilivyo jirani. Tezi yenye maambukizi hufanya mgonjwa aruke. Hatua inayofuata husahaulika mara nyingi, nayo haigharimu chochote: tundu la mrija hukaushwa kwa pamba, kisha tezi hukamuliwa taratibu kutoka nje, huku tundu likitazamwa. Yakitoka mate meupe kama maji, mrija uko wazi. Ukitoka usaha, ugonjwa umejitaja. Kisipotoka kitu, kuna kizuizi. Mwisho mgonjwa huambiwa akunje paji, afumbe macho kwa nguvu, aonyeshe meno na ajaze mashavu pumzi. Sekunde 20 hizo huonyesha hali ya neva ya uso, na matokeo yake yanapaswa kuandikwa kwenye cheti kabla ya jambo lolote lingine.

Ugonjwa unaojulikana na kila mzazi ni matumbwitumbwi. Husababishwa na kirusi kinachosambaa kwa mate na matone ya kikohozi, na kati ya siku 16 na 18 hivi baada ya kuambukizwa mtoto hupata homa, maumivu ya kichwa na uvimbe wa shavuni, mara nyingi upande mmoja kwanza na wa pili siku moja au mbili baadaye. Kitu chenye ukali, kama chungwa au limau, humuuma mpaka machozi yamtoke, kwa kuwa tezi hulazimishwa kufanya kazi ikiwa imevimba. Hakuna dawa ya kuua kirusi hicho. Mtoto hupewa paracetamol, maji mengi, uji na vyakula laini, na hukaa nyumbani siku 5 tangu uvimbe kuanza, maana katika siku hizo bado anaweza kuwaambukiza wenzake darasani au bwenini. Masizi ya chungu yanayopakwa shavuni hayamtibu wala hayamdhuru sana, ilimradi ngozi ni nzima. Chale ndizo zenye madhara.

Kirusi hiki hakiishii shavuni. Kwa wavulana waliobalehe na wanaume, hadi 3 kati ya 10 wasiochanjwa huvimba korodani, jambo linalotisha kuliko linavyoharibu, kwani utasa kamili baada yake ni nadra. Wachache hupata homa ya uti wa mgongo ambayo kwa kawaida hupona, na wachache zaidi hupoteza usikivu wa sikio moja. Chanjo ipo tangu mwaka 1967. Mmarekani Maurice Hilleman aliitengeneza kwa kirusi alichokichukua kooni mwa binti yake mwenyewe aliyekuwa akiumwa. Hata hivyo chanjo ambayo watoto wa Tanzania hupewa kliniki wakiwa na miezi 9 na miezi 18 ni ya surua na rubela, iliyoanza mwaka 2014, matumbwitumbwi hayamo. Mzazi anayesema mtoto wake "amechanjwa zote" husema kweli, na bado mtoto anaweza kuyapata.

Matumbwitumbwi, kwa kawaida, humpata mtu mara moja maishani. Kwa hiyo mama anayeeleza kwamba mwanawe ameyapata mara ya 4, kila mara shavu lile lile, ametoa habari muhimu bila kujua. Huo kwa kawaida ni uvimbe wa kujirudia wa utotoni, ambao haujulikani vizuri chanzo chake, hutulia kwa maji, kukanda na dawa za maumivu, na mara nyingi huisha wenyewe mtoto anapobalehe. Lakini mtoto mwenye uvimbe wa kujirudia au usioondoka hupimwa VVU pia, kwa sababu zitakazoelezwa.

Bakteria hushambulia tezi pale mate yanapopungua. Mzee aliyelala siku nyingi bila kunywa vizuri, mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa tumbo, mtoto mchanga aliyekaukiwa maji: hawa ndio hupata shavu jekundu, la moto, lenye maumivu makali, na usaha ukitoka kwenye tundu la mrija. Rais James Garfield wa Marekani, aliyepigwa risasi Julai 1881, alipata jipu la tezi ya shavu akiwa kitandani kabla ya kufariki Septemba ya mwaka huo. Tiba ni maji, kwa mdomo au kwa dripu, antibayotiki zinazoweza kuua bakteria aina ya stafilokoka, usafi wa kinywa, na jipu kufunguliwa kama limekwisha kuiva. Nesi anayelowesha kinywa cha mgonjwa mahututi kwa pamba kila baada ya saa chache huzuia ugonjwa huu vizuri kuliko dawa yoyote.

Vijiwe vya mate vina tabia yao, na mgonjwa akiulizwa vizuri hujitambua mwenyewe. Huketi mbele ya sahani ya ndizi na maharage akiwa mzima, na kabla hajafika nusu, chini ya taya pametuna kama yai la njiwa, pamekaza na panauma. Baada ya saa moja au mbili uvimbe hupungua, na mlo unaofuata huanza upya. Wengine huishia kuogopa chakula. Kinachotokea ni kwamba chumvi za kalsiamu zimegandamana ndani ya mrija, na mate yanayoitwa na chakula hayana pa kupita. Kati ya vijiwe 10, karibu 8 huwa katika tezi ya taya, na sababu ni kile kilima: mate mazito yanayopanda polepole huacha mashapo. Pale ambapo kidole hakikihisi kijiwe, tone la limau juu ya ulimi huweza kuinua uvimbe mbele ya macho ya mpimaji. Filamu ndogo ya eksirei ikiwekwa kinywani, vingi vya tezi ya taya huonekana vyeupe. Vya tezi ya shavu mara nyingi havionekani, na hapo ultrasaundi husaidia zaidi.

Kijiwe kidogo huweza kutoka chenyewe kwa maji mengi, kukanda kwa kitambaa cha moto na kukamua tezi kuelekea mbele. Kilichokwama karibu na ulimi hutolewa na daktari wa meno kwa ganzi ya kawaida. Kabla ya kukata, hupitisha uzi nyuma ya kijiwe na kuubana, kwa sababu kijiwe kinachoguswa hupenda kurudi nyuma mrijani, na kikirudi, kazi ya dakika 15 inaweza kugeuka safari ya Mwanza. Kisha hukata juu ya kijiwe chenyewe, kikatokea mara nyingi cha njano, kama punje ya mchele au harage dogo, na nyuma yake mate yaliyozuiliwa humiminika. Kijiwe kilichozama ndani ya tezi ni habari nyingine: mara nyingi tezi nzima huondolewa kwa kukata chini ya taya, vidole viwili chini ya mfupa ili kukwepa kitawi cha neva kinachoshusha mdomo wa chini. Katika nchi nyingi sasa vijiwe hufuatwa kwa kamera nyembamba inayopitishwa mrijani bila kukata tezi.

Ugonjwa wa tezi za mate ambao Kagera inaujua kwa undani zaidi ni ule unaokuja na VVU. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania, mwaka 1983, walikuwa wa mkoa huu, na hospitali ya Ndolage iliyo wilayani Muleba hutajwa katika historia hiyo hadi leo. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikivushwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Utafiti wa mwaka 1987 ulikuta kwamba katika mji wa Bukoba watu wazima 24.2 kati ya 100 walikuwa na virusi; mwaka 1996 walikuwa wameshuka hadi 13.3. Vijijini Muleba kiwango kilikuwa chini zaidi, ila hakikuwa kidogo. Kizazi kizima kilijifunza kusoma miili ya watu kwa macho, wembamba, vipele, nywele, na mashavu nayo yakaingia katika orodha hiyo.

Kilichomo mashavuni ni hiki. Mwili unapopambana na virusi, chembe za ulinzi humiminika katika tezi ya shavu na katika mitoki iliyomo ndani yake. Mirija midogo huzibwa, na nyuma yake hujengeka vifuko vya majimaji. Uvimbe wake huwa laini, hauumi, huchukua miezi, na kwa kawaida huwa pande zote mbili, hata uso wa mtu hubadilika umbo na kuwa mpana chini. Kinywa huweza kukauka. Kwa watoto uvimbe wa namna hii usio na sababu nyingine na usioondoka umo katika vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya hatua ya 2 ya ugonjwa, yaani hatua ya mapema kiasi. Hapo ndipo penye jambo la kushangaza: watoto wenye mashavu hayo, kabla dawa hazijapatikana, kwa wastani waliishi muda mrefu kuliko wenzao wenye virusi wasiokuwa nayo. Uvimbe huo ulionyesha mwili ambao bado unapigana.

Kwa hiyo shavu lililovimba halimwambii mtu kwamba ana VVU, na shavu bapa halimhakikishii kwamba hana. Tone la damu la kidoleni hutoa jibu kwa dakika 15 hadi 20, na hakuna sababu ya daktari kukisia wala ya jirani kunong'ona. Ultrasaundi ikionyesha vifuko vingi pande zote mbili na kipimo kikawa chanya, sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Sindano hutumika kuvuta majimaji pale tu uvimbe unapoumiza au kuharibu sura, na hata hivyo mara nyingi hujaa tena. Kisu hakihitajiki. Dawa za kufubaza virusi, zilizoanza kutolewa bure katika mpango wa taifa mwaka 2004 na ambazo tangu 2016 mtu huanzishwa mara tu anapogundulika, ndizo hupunguza vifuko hivyo, ingawa taratibu. Mgonjwa huangaliwa kwa jambo moja zaidi: upande mmoja ukianza kukua haraka na kuwa mgumu huku mwingine umetulia, hudhaniwa kuwa ni kansa ya mitoki au kifua kikuu cha tezi mpaka kipimo kiseme vinginevyo.

Mashavu ya pande mbili yasiyouma yana chanzo kingine kisichotajwa sana. Mnywaji wa miaka mingi wa rubisi, pombe ya ndizi, na zaidi wa gongo inayokenekwa kutokana nayo, huweza kuvimba tezi za mashavu bila homa wala maumivu. Vivyo hivyo mgonjwa wa kisukari asiyetibiwa, na mtu asiyepata protini ya kutosha kwa muda mrefu, hali isiyo ya ajabu mahali ambapo sahani inaweza kujaa ndizi tupu. Tezi hapa haina ugonjwa wake yenyewe; hutibiwa kisukari, lishe au ulevi, nayo hurudi katika ukubwa wake.

Kinywa kukauka bila uvimbe mara nyingi huanzia kwenye mfuko wa dawa. Dawa za mafua na mzio, amitriptilini ya maumivu ya neva, na za kupunguza maji mwilini ambazo wazee wengi wa presha hutumia, zote hupunguza mate. Kama mgonjwa ni mwanamke wa makamo, macho nayo yamekauka kama yenye mchanga na viungo vinamuuma, hufikiriwa ugonjwa ambao Msweden Henrik Sjögren aliueleza mwaka 1933, ambamo mwili hushambulia tezi zake wenyewe. Hauna tiba ya kuuondoa, bali ya kuutuliza.

Chini ya ulimi wa mtoto au kijana huweza kutokea kifuko cha rangi ya samawati hafifu, laini, kinachong'aa kama tumbo la chura. Ni mate yaliyovuja kutoka katika tezi ya chini ya ulimi na kujikusanya. Kikitobolewa hutoka uteute mzito kama ute wa yai, na baada ya wiki chache hujaa tena, kwa sababu tezi inayovuja bado ipo. Huisha kwa kuondoa tezi hiyo.

Mtoto wa miaka 4 hadi 9 ambaye taya au shavu limevimba ndani ya siku chache tu, meno yakaanza kulegea, anapaswa kuondoka kijijini siku hiyo hiyo. Huenda si tezi ya mate kabisa, bali ni uvimbe ambao daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliuandika mwaka 1958 akiwa Kampala, ng'ambo ya ziwa. Ni kansa ya mitoki inayokua kwa kasi kuliko karibu kansa zote. Chembe zake huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Huchangiwa na kirusi kinachosambaa kwa mate, ambacho karibu watoto wote wa eneo hili hukipata mapema, kikishirikiana na malaria ya mara kwa mara. Muleba inaijua malaria vya kutosha: jaribio la vyandarua vyenye dawa pamoja na kiongeza nguvu chake lililofanyika wilayani humo ndilo lililolisukuma Shirika la Afya Duniani kuvipendekeza mwaka 2017. Kwa bahati njema kasi hiyo hiyo huifanya kansa hii iyeyuke ikipewa dawa za kansa mapema, na taya lililojaa huweza kuonekana limesinyaa ndani ya wiki ya kwanza.

Uvimbe wa tezi zenyewe kwa watu wazima huenda kinyume chake: polepole, bila maumivu, upande mmoja. Karibu 8 kati ya 10 hutokea kwenye tezi ya shavu, na kati ya kila 10 za hapo karibu 8 si kansa. Kadiri tezi inavyokuwa ndogo, ndivyo hatari inavyopanda: kwenye tezi ya taya karibu nusu ni kansa, na kwenye vitezi vidogo vya kaakaa huzidi nusu. Wa kawaida zaidi ni uvimbe mchanganyiko, unaoitwa hivyo kwa kuwa chini ya darubini huonekana chembe za aina nyingi. Huanza kama kunde chini ya ndewe, husogea ukisukumwa, na kwa kuwa hauumi huachwa. Miaka 10 baadaye unaweza kufikia ukubwa wa ngumi, na katika muda huo nafasi ya kugeuka kansa huongezeka. Hapo ndipo kuchelewa kunapomgharimu mgonjwa wa Kagera, kwani uvimbe usiouma hushindwa na kila kazi ya shamba. Dalili za kutilia shaka ni kukua ghafla baada ya miaka ya utulivu, maumivu, ngozi kushikamana, mitoki shingoni, na zaidi ya zote uso kupinda. Uvimbe wa shavu pamoja na jicho lisilofumba huchukuliwa kuwa kansa hadi ithibitishwe sivyo.

Kipimo sahihi cha mwanzo ni sindano nyembamba. Huingizwa kwenye uvimbe, bomba hurudishwa nyuma kuvuta, sindano husogezwa mbele na nyuma mara kadhaa, kisha kilichovutwa, ambacho mara nyingi hakizidi tone, hutandazwa juu ya vioo na kutiwa rangi. Haiachi kovu. Kukata kipande kwa kisu kutoka nje, kama inavyofanywa kwa uvimbe mwingine, huweza kumwaga chembe za ugonjwa njiani na kukata tawi la neva. Jibu la sindano si la uhakika wote, lakini humwambia mpasuaji aina ya vita anayoiendea. Ultrasaundi huonyesha mipaka, na uvimbe ulioingia ndani huhitaji CT Skani au MRI.

Njia ya rufaa kutoka vijijini kwa kawaida hupitia hospitali kama Rubya, Kagondo au Ndolage kwa Muleba, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba, na kwa upasuaji mkubwa wa tezi ya shavu Bugando jijini Mwanza. Huko hufikiwa kwa meli ya usiku kucha au kwa barabara, ambayo mpaka Juni 2025, Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa, ilimlazimisha mgonjwa kungoja kivuko.

Upasuaji wenyewe hufanywa kwa nusu kaputi. Mkato hushuka mbele ya sikio, huzunguka chini ya ndewe na kuingia shingoni, mahali kovu litakapojificha. Mpasuaji hautafuti uvimbe kwanza. Huitafuta neva, pale inapotoka katika mfupa nyuma ya taya, nyeupe, nene kama tambi. Akiipata, huifuata tawi kwa tawi akiinua tezi juu yake, kama anayebandua nyuzi za mgomba bila kukata hata uzi mmoja, na uvimbe hutoka pamoja na sehemu ya tezi inayouzunguka. Kuukwangua peke yake ni haraka, ila ganda lake lina vijishina visivyoonekana, na uvimbe huo hurudi baada ya miaka ukiwa vinundu vingi ambavyo kuvitoa ni kazi ngumu mara nyingi zaidi. Wiki za kwanza mdomo unaweza kulegea, na jicho hulindwa kwa matone na plasta usiku mpaka neva izinduke. Ndewe hubaki na ganzi. Baadhi, miezi kadhaa baadaye, hutokwa na jasho shavuni kila wanapokula, kwa kuwa nyuzi zilizokuwa zikiamrisha mate zimejiunga na tezi za jasho. Łucja Frey, daktari wa neva kutoka Poland, aliieleza hali hiyo mwaka 1923.

Kansa huongezewa mionzi baada ya kisu, nayo hukausha tezi zilizobaki. Meno mabovu hung'olewa au kuzibwa kabla ya mionzi, kwa sababu jino linalong'olewa baadaye huweza kuacha taya lisilopona. Baada yake mgonjwa hutembea na chupa ya maji, hupiga mswaki kwa dawa yenye floridi, na hutafuna kitu kisicho na sukari ili kuamsha tezi chache zilizosalia. Kurudi kliniki hudumu miaka mingi, na kwa aina moja ya kansa, inayotambaa kando ya neva, miaka 5 bila dalili haitoshi kumwita mtu mzima: huweza kuibuka mapafuni baada ya miaka 10 au zaidi, shingo ikiwa safi. Ndiyo maana mgonjwa aliyepasuliwa shavu huendelea kuitwa kupigwa picha ya kifua.